Karani wa masjala aliyejua kusubiri

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimkumbuke baba yangu mzazi, karani wa masjala aliyeitumikia serikali mjini Kisumu enzi za Mkoa wa Nyanza, kabla ya serikali za kaunti kuanza kazi mwaka 2013. Hakuwa na cheo kikubwa, lakini mwananchi aliyetoka mashambani kutafuta faili lake alipewa kiti kwanza, ndipo akaulizwa shida yake. Na aliyejaribu kumpenyezea chochote mkononi alirudishiwa kwa upole, bila kuaibishwa mbele ya watu.

Imani yake aliipata utotoni huko Kisii, ambako wamisionari wa Kilutheri kutoka Uswidi walianza kazi Itierio mwaka 1948. Kila jioni, kabla ya chakula, alituketisha pamoja na mama tukariri Katekisimu Ndogo ya Luther, kijitabu cha mafundisho ya imani kwa maswali na majibu, naye akimsubiri kitinda mimba wetu, aliyekuwa na kigugumizi, amalize Amri zote Kumi. Nadhani hapo ndipo nilipomjua vizuri zaidi.

Nawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamani waliokuja kumzika.

Mwana wa marehemu,
Kisumu