Utafiti wa kima na bangi usisomwe nusu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa maoni. Mimi ni mteknolojia wa maabara katika hospitali moja mkoani Tanga, na sehemu kubwa ya damu ninayopima inatoka kliniki ya CTC, yaani ya watu wanaoishi na VVU. Siku hizi wagonjwa, hasa vijana wa bodaboda na wavuvi, wananiuliza dirishani kama ni kweli bangi inaongeza kinga. Mmoja alinionyesha kwenye simu habari ya kima wa Marekani waliopewa bangi wakaishi na virusi bila kudhoofika. Wingi wa virusi wake ulikuwa umepanda, na kwa kauli yake mwenyewe alikuwa ameanza kuruka vidonge.

Utafiti huo upo. Ulifanyika Louisiana chini ya mtafiti Patricia Molina, ukachapishwa mwaka 2011. Kima dume walidungwa THC, yaani kile kiini cha bangi kinacholevya, mara mbili kwa siku, kuanzia wiki nne kabla ya kuambukizwa SIV, kirusi ndugu wa VVU. Virusi vyao vilikuwa vichache, na vifo vya mapema vilipungua. Lakini ile ilikuwa THC safi, iliyopimwa kwa uzito wa mnyama na kudungwa kwenye msuli. Hakuna kima aliyevuta msokoto. Tena hawakuwa kwenye ARV, dawa za kufubaza virusi. Walilinganishwa na kima wenzao wasiotibiwa. Yule kijana wa dirishani ana dawa nyumbani inayoweza kushusha virusi hadi kipimo kisivione.

Kinachoniuma zaidi ni ile sehemu ambayo haisambazwi. Mwaka 2014 watafiti wa kundi hilohilo walichapisha matokeo ya kima jike, na ile nafuu haikuonekana. Wengi wanaohudhuria CTC zetu ni wanawake!

Wapo pia panya, na habari yao sijaona mtu akiituma kwenye simu. Miaka ya 1990, katika Chuo Kikuu cha South Florida, Thomas Klein na wenzake waliwaambukiza panya Legionella, bakteria wa nimonia, kwa kiasi ambacho panya wa kawaida anakihimili. Waliodungwa THC siku moja kabla na siku moja baada ya kuambukizwa walikufa, kwa kuzidiwa na kemikali ambazo kinga yao wenyewe ilimwaga kwa wingi. Katika jaribio jingine panya walipewa THC kabla ya maambukizi madogo ya kwanza, wakapona. Baadaye wakaletewa bakteria walewale kwa dozi kubwa. Wenzao wasioguswa na THC walistahimili, maana kinga ilishamjua adui. Waliopewa THC wakafa. Kinga yao haikuwa imejifunza.

Upande wa kinga uliodhoofika pale, ule unaotegemea kemikali ya kinga iitwayo intaferoni gama, ndio huohuo unaombana bakteria wa kifua kikuu. Kwa mtu anayeishi na VVU hilo si jambo dogo. Sisemi panya ni binadamu. Nasema anayewaamini kima awasikilize na panya.

Kuhusu madai kwamba bangi "inaongeza damu": matokeo ya panya weupe wa maabara yanagongana, wengine chembe nyeupe zimeshuka, wengine hakuna tofauti, kutegemea dozi, muda na njia ya kuwapa. Moshi wa msokoto nao una kaboni monoksidi, inayokalia himoglobini na kuinyima nafasi ya kubeba oksijeni. Ukimpima mvutaji ukakuta himoglobini iko juu, usimpongeze haraka; huenda mwili unafidia ile iliyokaliwa.

Ombi langu kwako, Mhariri: mnapochapa habari ya utafiti wa wanyama, mtuambie ni mnyama gani, dume au jike, alipewa nini, kiasi gani na kwa njia ipi. Mistari miwili inatosha. Na wahudumu wenzangu wa kliniki, mgonjwa akitaja bangi msimkemee wala kumtishia polisi, maana mwezi ujao atanyamaza. Muulizeni anavuta mara ngapi, anakohoa tangu lini, na vidonge vya jana usiku alimeza au hakumeza.

Mteknolojia wa maabara,
Tanga