Michoro ya wanafunzi wa usanifu majengo iletwe sokoni tuione

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, kuna jambo limenikaa moyoni tangu likizo hii na nikimwambia mtu mmoja mmoja naona haliendi popote, bora niliandike huku wengi walisome.

Mimi ni fundi ujenzi hapa Arusha, mwaka wa 22 sasa kwenye hii kazi, nimeanza kwa kubeba zege nikiwa kijana mdogo mpaka leo napewa nyumba nzima toka msingi hadi kupaua. Binti wa dada yangu anasoma usanifu majengo Chuo Kikuu Ardhi kule Dar, likizo hii akaja kukaa kwetu, kaja na laptopu yake na mrija mrefu wa plastiki umejaa michoro. Siku ya pili jioni nikamwambia mwanangu hebu nionyeshe mnachofundishwa huko, akaitandaza kwenye meza ya chakula ikabidi mke wangu aondoe vyombo vyote, kingine tukakitandaza chini kwenye mkeka. Tulikaa mpaka saa 6 usiku. Kulikuwa na zahanati, maktaba ndogo ya kata, fleti za ghorofa 4, nyumba ya familia moja na soko. Hizo zote ni projekti za darasani, wanapewa eneo la kweli na wanaambiwa chora jengo la watu wa hapo.

Nianze na soko maana ndo lilinishangaza. Eneo alilochagua liko hapahapa Arusha, kiwanja cha mteremko, na kabla hajashika penseli alikuja kukaa hapo sokoni siku tatu anaangalia tu. Anaangalia gari za mboga zinashusha wapi alfajiri, mkokoteni unageukia wapi, mvua ikinyesha akina mama wanakimbilia upande gani. Mama mmoja muuza ndizi akamwambia, mwanangu, mimi ukinipa kizimba cha ndani kabisa siuzi, mteja haingii huko, nitatoka tu nije kukaa barabarani na mgambo atanifukuza. Sasa wewe msomaji unajua hilo ni kweli, kuna masoko yamejengwa kwa hela nyingi vizimba vya ndani vimegeuka stoo na watu wamerudi kupanga nyanya chini kwenye viroba. Kwenye mchoro wake kila kizimba kina uso mmoja unaotazama njia, hakuna aliyefichwa nyuma ya mwenzake, na ule mteremko hajausawazisha kwa kujaza kifusi, kaufuata, soko limeshuka kwa matabaka matatu na maji ya kuoshea samaki yanatelemka yenyewe kwenda kwenye mfereji yasipite kwa wauza nguo.

Na paa. Alinieleza hesabu moja ambayo mimi kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuifanya, kwamba milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya paa unapata lita moja. Paa lake lina mita za mraba 600. Ikinyesha mvua ya masika ya milimita 50 siku moja hapo ni lita 30,000, hata ukitoa inayopotea bado unajaza simtanki kubwa kadhaa kwa siku moja. Na hapa kwetu hilo sio jambo dogo, maana kila mtu wa Arusha anajua habari ya meno ya kahawia, maji ya ardhini sehemu nyingi yana floraidi nyingi mpaka Ngurdoto kuna kituo cha utafiti cha kuiondoa kwenye maji, ikizidi sana inaharibu na mifupa ya watoto. Maji ya mvua hayana shida hiyo. Sisi mafundi tunaweka gata alafu tunayaachia yakachimbe barabara ya jirani. Yule binti kaweka tanki chini ya sakafu ya tabaka la chini na bomba la mama lishe linatoka hapohapo.

Akaniambia mjomba hili wazo la paa sio langu peke yangu, huko chuoni wanafundishwa soko la Kariakoo lile la miamvuli ya zege, lililofunguliwa mwaka 1975, ambalo alilichora Mtanzania mwenzetu marehemu Beda Amuli. Nikasema kumbe! Nimepita Kariakoo mara ngapi nikinunua vifaa na sikuwahi kujua kwamba aliyelichora ni mtu wetu. Lile liliungua mwaka 2021 lakini umbo lake kila Mtanzania analijua kwa macho. Hilo nadhani watoto wangefundishwa toka shule ya msingi.

Sasa nije kwenye rampu, ile njia ya mteremko ya kupitishia kiti cha magurudumu, hapa naomba mniwie radhi nitaongea kwa uchungu. Mama yangu mzazi anatumia kiti cha magurudumu mwaka wa tatu huu. Mwaka jana nilimpeleka kwenye ofisi moja ya umma, siitaji jina, kufuatilia karatasi zake, pale mlangoni kuna ngazi nne na pembeni wameweka rampu. Rampu yenyewe nilishindwa kuipandisha peke yangu nikaita kijana wa bodaboda tukasukuma wawili, na wameweka vigae vinavyoteleza, mama ameshika mikono ya kiti macho kafumba anaomba Mungu. Wakati wa kutoka nikachukua tepu kwenye mfuko wa suruali nikapima. Kimo ni sentimita 60, urefu wa rampu mita 2 tu. Mtoto wa dada yangu nilipomsimulia alinyamaza kwanza, alafu akafungua mchoro wa ile zahanati akaniwekea kidole, mjomba kanuni tunayofuata ni 1 kwa 12, kila sentimita moja ya kupanda unahitaji sentimita 12 za kwenda mbele. Kwa hiyo sentimita 60 zinataka mita 7 na sentimita 20. Kwenye zahanati yake rampu imekunjwa mara mbili, katikati kuna sehemu tambarare ya kupumzika, ina mkono wa kushikia pande zote mbili na mwisho wake kuna kivuli. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ipo toka mwaka 2010 na inataka majengo ya umma yafikike, nani aliidhinisha ile ya mita 2 sijui, ila aliyeichora hakuwahi kusukuma kiti cha mama yake.

Nyumba ya familia ndo tulibishana sana. Wateja wangu siku hizi wananijia na simu mkononi, fundi nataka hii hapa, ni picha ya nyumba ya mbali huko ina paa la kuficha na dirisha la sebule kubwa kama ukuta, haulizi dirisha litaangalia wapi. Unamjengea, jua la saa 10 jioni linaingia lote sebuleni, ananunua mapazia mazito na nyumba inakuwa giza mchana. Na yale mapaa ya kuficha masika ya pili tu jipsamu imeanza kuota ramani za maji, anakupigia wewe fundi. Binti yeye nyumba yake kailaza kwa urefu kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha makubwa yako kaskazini na kusini, na kuta za jua la asubuhi na jioni kaziacha na vidirisha vidogo tu, isipokuwa chumba kimoja. Nikamuuliza hiki mbona umekifungulia mashariki, akasema hicho cha bibi, mwezi wa 6 na wa 7 Arusha baridi, bibi akiamka apate jua. Mama yangu alikuwa amekaa palepale anasikia. Akauliza, na mlango wa choo kiti kitapita? Upana umeandikwa sentimita 90. Mama akasema basi hiyo nijengeeni.

Kingine, nyumba yake inaanza na vyumba viwili, jiko na choo, unahamia, ukipata hela unaongeza vingine viwili bila kubomoa ukuta wala kugusa paa la mwanzo. Hivi ndivyo tunavyojenga sisi, tofali mwaka huu, msingi mwaka kesho, boma linakaa miaka mitano linaota majani. Ramani za kwenye simu zote zinataka hela yote kwa mkupuo.

Lakini sikumsifia tu, nilimwonyesha na makosa, na hapa ndo nataka walimu wake wanisikie. Paa la upande wa baraza alilichora na mteremko wenye urefu wa mita 3 na sentimita 30. Bati la dukani tunalotumia wengi ni la mita 3, kwa hiyo kila mstari unakula bati la pili kwa ajili ya kipande kisichofika hata nusu mita, ukizidisha kwa nyumba nzima mwenye nyumba kamwaga hela chini. Hakuwa anajua. Akachukua kifutio, akapunguza baraza sentimita 40 bati moja likatosha. Pia pale mapaa mawili yanapokutana alikuwa kaweka bonde juu ya jiko kabisa, nikamwambia hapo majani ya mparachichi yatajaa, maji yatarudi ndani, hamisha. Akahamisha. Hayo mambo mawili hakuna mtu aliyemwambia chuoni, alisimama mbele ya walimu na michoro ukutani kama dakika 20, wakamuuliza maswali mazuri tu ya dizaini, wakampa alama, basi.

Nikamuuliza sasa baada ya alama hii michoro inaenda wapi? Akasema haiendi popote mjomba. Inakunjwa. Modeli ya soko aliyoitengeneza kwa kadibodi wiki mbili halali usiku iliachwa juu ya kabati la hosteli, aliporudi kuichukua kona moja ilikuwa imeliwa na panya. Yule mama wa ndizi aliyetoa lile wazo la kizimba hajawahi kuona kilichochorwa kutokana na maneno yake.

Ndo ninachoomba, Mhariri, kwa halmashauri zetu hapa Arusha na Moshi na kwa vyuo. Mwanafunzi akichora jengo la eneo letu, michoro ije ibandikwe palepale kwenye eneo lenyewe wiki moja tu. Soko ibandikwe sokoni, zahanati ibandikwe kwenye ofisi ya kata, kubwa zaidi ziwekwe hata kwenye Makumbusho ya Azimio la Arusha watu wapite waangalie. Mwanafunzi asimame pembeni aulizwe na mama lishe, na mpiga debe, na fundi kama mimi. Sisemi mchoro wa mwanafunzi ujengwe kesho, hapana, msanifu aliyesajiliwa lazima apitie na kuweka muhuri, injinia apige hesabu za nondo na kibali kitoke. Ninachosema ni kwamba siku halmashauri inapopata hela ya soko inaanza upya kama vile hakuna aliyewahi kufikiria lile eneo, wakati kuna mtoto alikaa hapo siku tatu akahesabu mpaka mikokoteni.

Na jengo la umma likishasimama halibomolewi kirahisi. Angalieni AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa hapa Arusha, ilijengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, jumuiya ikavunjika 1977, jengo likageuka la mikutano, baadaye likabeba mahakama ya mauaji ya Rwanda, na bado tunalo. Sasa hivi Arusha inajengwa kila kona kwa ajili ya AFCON 2027, rampu za mita 2 zikimwagwa leo wajukuu zetu watazikuta.

Binti anarudi Dar mwisho wa mwezi huu, ile michoro ya soko nimemwomba aniachie nakala na imo kwenye mrija wake juu ya kabati langu. Kamati ya soko lolote au diwani akitaka kuiona aulize mafundi wa Sakina, nitaibeba mwenyewe mpaka alipo na mkeka wa kuitandazia nitakuja nao.

Fundi ujenzi,
Sakina, Arusha