Protini za kipimo cha malaria zisimamishwe wima

Mhariri,

Tangu janga la korona, viongozi wetu wamekuwa wakisema Kenya ijitengenezee vifaa vyake vya kupima magonjwa. Naunga mkono kwa moyo wote. Lakini mazungumzo huishia kwenye ardhi ya kiwanda, mashine na kodi. Sijamsikia hata mmoja akiuliza jambo ambalo sisi wa maabara tunalitazama kila siku: ile protini inayonasa ugonjwa, imeshikizwaje pale kwenye kipimo?

Mimi ni mteknolojia wa maabara katika kituo cha afya karibu na Ahero. Mvua ikishika na mashamba ya mpunga yakijaa maji, foleni ya watoto wenye homa hufika getini. Natoboa kidole, navuta damu maikrolita 5, naiweka kwenye kishimo cha kipimo, nadondosha bafa, ule majimaji unaokuja na kipimo, tunasubiri dakika 15 au 20. Mstari wa kwanza, wa kuonyesha kipimo kinafanya kazi, hutokea mwekundu waziwazi. Wa pili, wa malaria yenyewe, ndio wenye maneno. Kuna mama aliyekiinua kipimo kwenye mwanga wa dirisha akaniuliza, "Daktari, huu mstari naona kama upo, kama haupo. Mtoto ana malaria au hana?" Nikamwambia, "Upo, mama. Hata ukiwa hafifu, ni mstari." Alichukua dawa, ila uso wake ulionyesha hajaridhika.

Mstari huo ni kazi ya kingamwili, protini zenye umbo la herufi Y. Ncha zake mbili za juu ndizo zinazokamata HRP2, protini ambayo vimelea vya Plasmodium falciparum humwaga kwenye damu. Kiwandani, kingamwili huchorwa juu ya utando wa nitroselulosi, ule ukanda mweupe ndani ya kipimo, zikaachwa zikauke, nazo hunata kila moja ilivyoangukia. Kuna zinazosimama vizuri, kuna zinazolala ubavu, na kuna zinazopinduka zikafukia ncha zake kwenye utando. Ni kama ndoano za kuvulia mbuta zilizopigiliwa ubaoni bila mtu kuangalia ncha zinatazama wapi. Kingamwili ni ghali, na iliyopinduka imelipiwa bure.

Njia ya kulirekebisha hili ipo. Wataalamu hubadilisha jeni ya protini ili itoke ikiwa na mkia, upande ulio mbali na pale inapokamatia. Kisha uso wa kifaa hupakwa kitu kinachoushika mkia huo. Mkia wa histidini sita, yaani vijenzi sita vya protini vya aina moja, hushikwa na madini ya nikeli. Mkia uliotiwa biotini, aina ya vitamini, hushikwa na protini iitwayo streptavidini, na mshiko huo ni miongoni mwa mishiko migumu kabisa katika biolojia. Mwaka 2012 kikundi cha Mark Howarth huko Oxford kilitangaza SpyTag na SpyCatcher, vipande viwili vilivyotokana na protini ya bakteria Streptococcus pyogenes, ambavyo vikikutana hufungana vyenyewe moja kwa moja.

Linalonigusa zaidi ni la maabara ya Hadley Sikes, chuo cha MIT, Marekani. Walichukua Sso7d, protini ndogo ya kiumbe kinachoishi kwenye chemchemi za majimoto, wakaifinyanga upya ikamate protini inayoashiria kifua kikuu, kisha wakaiunga na kipande kinachoshika selulosi, yaani nyuzi za karatasi. Kipande hicho hung'ang'ania karatasi, sehemu ya kukamata ikabaki nje. Protini yenyewe huzalishwa na bakteria E. koli wa maabara, bila kufuga seli za wanyama, na inastahimili joto kali. Anayetunza maboksi ya vipimo kwenye stoo ya mabati mwezi wa Februari ataelewa kwa nini nimelisoma jambo hili mara mbili. Majimoto ya kutokota, kwa hakika, tunayo hapo Bogoria, kaskazini mwa Nakuru.

Mkia hautamaliza kila tatizo. Vimelea vilivyopoteza jeni ya HRP2 vitapita hata protini zisimame namna gani. Tena zikisongamana mno hubanana, kinachotafutwa kikakosa pa kuingia. Nafasi kati yake lazima ipimwe kwa majaribio.

KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, iko Kisian hapa Kisumu, Chuo Kikuu cha Maseno kiko mwendo mfupi kutoka hapo. Ombi langu ni waanze na kidogo: protini moja, mkia mmoja, karatasi ya aina moja. Serikali za kaunti za ukanda wa Ziwa ziwalipie karo wanafunzi wachache wa uzamili wafanye kazi hiyo hapa hapa, malaria iliko. Nawe Mhariri, watume waandishi wako wawaulize wakuu wa taasisi hizo mpango ukoje, majibu tuyasome gazetini.

Siku watakapopata karatasi ya kujaribu, watuletee sisi wa vituoni tuilinganishe na hadubini. Kwetu slaidi zipo, na wagonjwa wa kuombwa ridhaa hawakosekani.

Mteknolojia wa maabara,
Ahero, Kisumu