Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kupima Mzigo wa Akili wa Wahadhiri

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum.

Hesabu za ada mtazisikia kwa mshika fedha, sitaziingilia. Lililotushughulisha zaidi mwaka huu ni namna ya kupima uzito wa kazi ya mhadhiri.

Fomu za idara huhesabu vipindi. Mwenye kumi na viwili anaonekana ana kazi kuliko mwenye vinane, basi. Lakini huyo wa vinane huenda anasimamia tasnifu, ana karatasi za mitihani za wanafunzi mia tatu juu ya meza, na alama zinatakiwa Ijumaa. Fomu haimuoni.

Kamati ikachagua kipimo cha mzigo wa kazi kiitwacho NASA-TLX, cha NASA, shirika la anga la Marekani, kilichotungwa na Sandra Hart na Lowell Staveland na kuchapishwa mwaka 1988. Kilianzia kwenye mambo ya urubani, lakini siku hizi kinatumika hata mahospitalini. Mtu akimaliza kazi hujipa alama, 0 hadi 100, katika mambo sita: alivyofikiri, alivyotumia nguvu za mwili, alivyobanwa na muda, alivyofanikiwa, juhudi aliyoitia na kero aliyoipata. Kisha mambo hayo hushindanishwa mawili mawili, jozi 15, ijulikane lipi limemlemea zaidi. Watafiti wengi huiruka hatua hii wakachukua wastani tu. Nasi tumeiruka, jozi 15 baada ya kusahihisha hadi saa sita za usiku si ubinadamu.

Kipengele cha mafanikio kinataka uangalifu. Mstari wake umegeuka: aliyefanikiwa kabisa anaweka alama ya chini, aliyeshindwa ya juu. Wenzetu kadhaa wa Pemba, kazi imewaendea vizuri, wakaweka juu kabisa, na mzigo wao ukapanda bila ya sababu. Fomu mpya ina maneno "vizuri kabisa" na "vibaya kabisa" kwenye ncha mbili za mstari.

Wapo waliotaka kujaza mara moja tu, mwisho wa mwaka. Haifai. Jaza pale unapofunga bahasha ya mitihani. Miezi ikipita, kinachobaki kichwani ni hasira.

Uongozi wa chuo uliomba majibu yenye majina. Tumekataa. Majina yakiingia, kesho alama hizi zitapelekwa kwenye vikao vya kupandisha vyeo, na hakuna atakayeandika kweli tena. Wastani wa kila idara watapewa.

Muhula ujao tutapima usahihishaji peke yake, Unguja na Pemba kwa wiki moja. Wawakilishi wa matawi wachukue fomu kwa katibu kabla ya kutoka ukumbini.