Kabla ya kumlaumu mgonjwa, muulizeni kama amekula

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mshauri nasaha katika kliniki ya watu wanaoishi na VVU. Mgonjwa akirudi, huwa nahesabu vidonge vilivyobaki koponi. Mama mmoja alirudi na vidonge tisa. Kulikoni? Akasema amesahau. Mwezi uliofuata vikabaki tena, nami nikarudia somo langu la kutega kengele kwenye simu. Mara ya tatu aliinamisha kichwa: "Dada, nikimeza na njaa kizunguzungu kinaniangusha. Nasubiri siku yenye chakula."

Niliumia sana. Dawa yake ilikuwa dolutegravir, ambayo humezwa hata bila chakula. Ningeuliza mapema, ningemwambia asiruke dozi, kisha tungehangaikia hicho chakula. Wapo wengine wanaotumia rilpivirine au darunavir, na hizo lazima ziambatane na chakula ili zifyonzwe vizuri mwilini. Kwao njaa inapunguza nguvu ya dawa hata kama hawaruki siku.

Kliniki hupima uzito na mzunguko wa mkono. Ni vizuri, lakini mkono hukonda njaa ikiwa imeshazoeleka nyumbani, na mtu mnene naye hulala bila kula. Yapo maswali mawili mafupi: katika miezi 12 iliyopita, uliwahi kuhofia kwamba chakula kitaisha kabla hujapata pesa ya kingine? Na je, kiliwahi kuisha kweli ukakosa pesa ya kuongeza? Akijibu "mara nyingi" au "mara nyingine" kwa lolote kati ya hayo, yuko hatarini. Hayachukui hata dakika mbili.

Ila yasiulizwe dirishani, foleni nzima ikisikiliza. Na wazazi wasikilizwe kwa makini, maana wengi hujibu "tumekula" wakimaanisha watoto. Nimejifunza kuongeza: na wewe mwenyewe, jana ulikula nini?

Tangu 2003 Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mtu mzima mwenye VVU asiye na dalili huhitaji nishati asilimia 10 zaidi, na mwenye dalili asilimia 20 hadi 30. Kwa hiyo kliniki inayouliza iwe pia na mtu wa kumpokea aliyejibu ndiyo, anayejua msaada wa chakula unapatikana wapi na atakayefuatilia kama umefika.

Jibu la yule mama sasa naliandika kwenye kadi yake, kando ya uzito. Nafasi hiyo haikuwekwa kwenye kadi. Naandika pembeni kwa kalamu. Naomba wanaochapisha kadi hizo waiweke.

Mshauri nasaha