Kazi yako na matibabu

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi. Nimefurahi mno kusikia umeamua kuachana na unga, yaani heroini. Hofu yako ya kupoteza kazi naielewa, ila sheria imekuachia nafasi, mradi uanzie kwa daktari kabla ya kwenda kwa bosi.

Huku Tanzania Bara, kifungu cha 32 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakupa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata ni nusu mshahara. Lakini usipoleta cheti cha daktari aliyesajiliwa, mwajiri halazimiki kukulipa. Hapo ndipo wengi wanapokwama: mtu anaingia soba house (nyumba ya kuwasaidia waraibu kuacha dawa za kulevya), msimamizi anamwandikia barua, ofisini inakataliwa kwa kuwa msimamizi si daktari. Kwa hiyo pitia hospitali kwanza, upewe ED (cheti cha daktari cha kupumzika kazi) yenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, jina na saini ya daktari, na muhuri. Ipeleke kwa HR, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Muda ukikaribia kuisha, ufuatilie nyingine mapema.

Tafadhali usitoweke. Kukosa kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu ya kukubalika ni kosa la kuachishwa. Arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, ikikulaza, mtu wa nyumbani apeleke ED siku hiyohiyo. Na ED haikulindi ukikutwa umetumia ukiwa zamu.

Daktari akikuanzishia methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, mambo yanabadilika. Kwa kawaida dozi inanywewa kliniki kila siku, mbele ya mhudumu, kwenye hospitali za Dar es Salaam kama Muhimbili, Mwananyamala au Temeke. Ukishatulia unachohitaji ni saa za asubuhi, si miezi ya likizo. Omba kwa maandishi ubadilishiwe shifti.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ile kauli ya waajiri ya "andika barua ya kuacha kazi, ukipona tutakurudisha." Usisaini! Ukishaandika umeacha mwenyewe, na kudai kwamba umeachishwa kunakuwa kugumu sana. Wakikuachisha wao, nenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ujaze fomu namba 1 ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Umeshapita miezi sita kazini, kwa hiyo unaweza kudai kuachishwa isivyo halali.

Nitumie picha ya ED kabla hujaipeleka, niikague.

Rafiki yako,
Juma