Yatokanayo na kikao cha mwaka 2012

Ndugu Mhariri,

Kwa miaka kumi na saba nilikuwa karani wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba huku Kwimba, na mbali na kupima pamba na kuandika stakabadhi, kazi yangu ilikuwa kuandika muhtasari wa vikao. Aliyewahi kukaa katika vikao vya aina hiyo anajua kwamba kikao kikishafunguliwa na muhtasari uliopita ukasomwa na kuthibitishwa, kinachofuata ni yatokanayo: lile tulilokubaliana mara iliyopita limefikia wapi, nani alikabidhiwa, na kama halijafanyika, kwa nini. Mwenyekiti akijaribu kuiruka ajenda hiyo, hata kama ana mambo mapya mazuri kiasi gani, wanachama hawamsikilizi tena. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini naona nchi yetu, katika suala la Katiba mpya, imekuwa ikiiruka ajenda hiyo kwa zaidi ya miaka kumi, na kwa nini jambo hilo linanitia wasiwasi kuliko jina la chama chochote au la kiongozi yeyote.

Mwaka 2012 Tume ya Mabadiliko ya Katiba, chini ya Jaji Joseph Warioba, ilizunguka nchi nzima kukusanya maoni. Katika kata yetu mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi. Wajumbe walikaa kwenye madawati yaliyotolewa darasani, na kila aliyetaka kusema alisogea mbele, akataja jina lake, akasema, na maneno yake yakaandikwa. Mama mmoja mjane, jirani yangu, alisimama akazungumza Kisukuma, na mtendaji akamtafsiria. Alisema: “Kibarua wangu akilala mchana, jioni namwachisha kazi. Huyu tuliyemchagua akitupotea miaka mitano, nikamwachishie wapi?” Watu walicheka, lakini mjumbe aliyekuwa akiandika hakucheka. Alimwomba mtendaji arudie tafsiri, akaandika, kisha akamsomea mama yule alichokiandika na kumuuliza kama ndivyo alivyosema. Mimi niliyeandika mihutasari maisha yangu yote niliona pale heshima ambayo mwananchi wa kijijini haipati mara nyingi.

Mwaka uliofuata rasimu ikatoka, na ya pili ikakabidhiwa mwishoni mwa Desemba 2013. Ndani yake mlikuwa na kifungu cha wapiga kura kuweza kumwondoa mbunge wao kabla ya muda wake kwisha. Mlikuwa pia na ukomo wa ubunge, na pendekezo la mawaziri kutokuwa wabunge, na lile la Muungano wa serikali tatu ambalo ndilo lililowasha moto kuliko yote. Sisemi kwamba kila pendekezo lilikuwa sahihi. Juu ya serikali tatu mimi mwenyewe nilikuwa na mashaka. Ninachosema ni kwamba mama yule alisema neno lake uwanjani, na neno hilo likaonekana katika hati ya taifa. Sijui kama kuna somo la uraia linaloweza kumfundisha mtu zaidi ya hapo.

Yaliyofuata yanajulikana. Bunge Maalumu la Katiba lilikutana Dodoma mwaka 2014, chini ya Mwenyekiti Samuel Sitta na Makamu wake Samia Suluhu Hassan, ambaye leo ndiye Rais wetu. Mwezi Aprili wajumbe wa UKAWA, yaani umoja wa vyama vya upinzani, walitoka nje na hawakurudi. Waliobaki wakapitisha Katiba Inayopendekezwa mwezi Oktoba, na kifungu cha jirani yangu hakikuwemo tena. Kura ya maoni ikapangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura ulikuwa haujakamilika, na haijafanyika hadi leo. Hata hati hiyo iliyopunguzwa ilikuwa na mambo mawili ambayo yangetufaa sana: mgombea binafsi, na haki ya kupinga matokeo ya urais mahakamani. Nayo ikabaki kabatini.

Mwaka 2022 kikosi kazi kilichoongozwa na Profesa Rwekaza Mukandala kilishauri mchakato wa Katiba mpya ufufuliwe, na mwezi Agosti 2023 tukaambiwa kwamba kwanza itatolewa elimu ya Katiba kwa miaka mitatu. Nakiri kwamba kauli hiyo iliniumiza. Watu waliokwisha kusimama uwanjani na kutoa maoni yao wakaandikwa, kisha wakaambiwa warudi darasani wafundishwe jambo walilokuwa wakiliuliza, watajiona vipi? Elimu ni njema, lakini haiwezi kuchukua mahali pa jibu.

Wasiwasi wangu, Ndugu Mhariri, ni juu ya vijana. Aliyepiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 2025 akiwa na miaka kumi na minane alikuwa na miaka mitano Tume ilipopita kwetu. Hana kumbukumbu ya uwanja ule. Alichokikuta yeye ni mikutano ya hadhara ya vyama iliyozuiwa kuanzia 2016 hadi Januari 2023, na uchaguzi wa 2025 ambamo chama kikuu cha upinzani hakikuwemo kwenye karatasi ya kura huku mwenyekiti wake akiwa mahabusu kwa shtaka la uhaini. Mshindi akatangazwa kwa zaidi ya asilimia 97. Tarehe 29 Oktoba vijana waliingia barabarani, watu wakauawa, intaneti ikazimwa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Siku zile tulikaa hapa kijijini tukipiga simu kwa watoto walioko mijini, zingine zikiita bila kupokelewa, na hadi leo kuna nyumba ambazo hazijatulia.

Sitetei uchomaji wa mali. Lakini najiuliza kijana huyo alikuwa na mlango gani mwingine. Hawezi kugombea bila kupitia chama, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha hapa hapa nchini, iliamua mwaka 2013 katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kwamba zuio hilo linakiuka haki. Hawezi kupeleka malalamiko ya matokeo ya urais mahakamani, kwa kuwa Ibara ya 41(7) ya Katiba ya 1977 inasema hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwa Rais akishatangazwa na Tume ya Uchaguzi. Majirani zetu wa Kenya mwaka 2017, na wa Malawi mwaka 2020, walishuhudia mahakama zikifuta uchaguzi wa rais, na nchi zao zikabaki nchi. Hasira ambayo haina pa kuandikishwa huishia barabarani. Hilo nimeliona hata katika ushirika: mwaka ambao daftari la malalamiko ya mizani liliondolewa mezani, ndio mwaka ambao wakulima walivunja mlango wa ghala.

Hata hivyo sikuandika barua hii kwa kukata tamaa. Mwezi Machi 2021 Rais John Magufuli alipofariki, Makamu wake aliapishwa siku mbili baadaye kama Katiba inavyoelekeza, na hakuna mwanajeshi aliyetoka kambini kutafuta madaraka. Jambo hilo si dogo katika bara letu. Na Zanzibar, ambako watu waliuawa Januari 2001 na majirani wakafikia kutozikana kwa sababu ya vyama, ilipata maridhiano ya Rais wa Zanzibar Amani Karume na kiongozi wa upinzani Maalim Seif Sharif Hamad mwishoni mwa 2009, na Julai 2010 thuluthi mbili ya wapiga kura wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Maridhiano hayo yameyumba tangu hapo, hasa uchaguzi wa 2015 ulipofutwa, lakini yalitokea, tena yalitokea kwa watu kuzungumza kwanza na kuandika baadaye. Tunao ujuzi huo nyumbani na hatuhitaji kuuazima.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mchakato utakapoanza tena, usianze kana kwamba hakuna aliyewahi kusema lolote. Rasimu ya pili ya Tume na Katiba Inayopendekezwa zichapishwe upya, zipelekwe katika kila ofisi ya kata, zikae mezani pamoja, na penye tofauti wananchi waelezwe ni nani aliyebadilisha na kwa sababu gani. Waliokuwa watoto mwaka 2012 waongeze yao. Baada ya hapo tupewe kura ya maoni yenye tarehe.

Jirani yangu bado yu hai, ingawa macho yamepungua nguvu. Ananiona mimi kama mtu wa makaratasi, na kila ninapopita kwake huniuliza kama lile neno lake limejibiwa. Nakala hizo zikifika katani, nitakwenda kumsomea zote mbili.

Karani mstaafu,
Kwimba, Mwanza